Haki ya Mwenye Betri ya Moyo

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ndivyo walivyonena wahenga, nao walinena juu ya maradhi waliyoyajua. Leo yatupasa kuipeleka methali hiyo mahali ambapo wahenga hawakufika, maana katika mji wetu wa Dar es Salaam wako watu watembeao kila siku na mashine ndogo ndani ya vifua vyao, na uhai wao umeegemea mashine hiyo. Huwezi kuwatambua kwa kuwatazama. Mmoja yumo katika msongamano wa Mtaa wa Kongo, mwingine yu kazini kwake Gerezani, wa tatu amesimama ndani ya basi la mwendokasi akishikilia bomba kama abiria wenziwe wote.

Mashine hiyo watu wameipa jina la betri ya moyo, na jina hilo lafaa sana. Katika makala hii twataka kuzungumza juu ya mambo mawili yawatiayo hofu wenye betri hizo na jamaa zao, na ambayo kwa miaka mingi yaliwatia hofu hata madaktari. La kwanza ni kupigwa picha kwa mashine yenye sumaku kubwa. La pili ni kuitoa betri pamoja na nyaya zake zinapoharibika au zinapoingia usaha. Juu ya mambo hayo uvumi umekuwa mwingi kuliko maarifa, na uvumi, ndugu msomaji, umekwisha kuwanyima watu wengi duniani matibabu yaliyokuwa haki yao.

BETRI HII NI KITU GANI?

Moyo wa mwanadamu hupiga kiasi cha mara 100,000 kwa siku moja, wala hauhitaji kuamriwa na mtu. Ndani yake mna mahali padogo pazaapo umeme mwepesi, na umeme huo hupita katika njia zake mpaka kwenye misuli, nao moyo hujikaza na kusukuma damu. Mtu mzima akiwa ametulia, moyo wake hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Lakini njia za umeme huo zaweza kuchakaa kwa uzee au kuharibiwa na ugonjwa. Hapo moyo huweza kushuka mpaka mara 30 au 40 tu kwa dakika. Mtu huona kizunguzungu, pumzi humwishia akipanda ngazi, na siku moja huanguka ghafla sokoni, watu wakasema ana kifafa, au amepagawa na pepo.

Dawa ya maradhi hayo si kidonge wala kombe. Ni kifaa kidogo chenye betri na mtambo wa kuhesabu, ambacho uzito wake ni makumi machache tu ya gramu. Daktari hukiweka chini ya ngozi karibu na mtulinga, kisha hupitisha waya mmoja, au nyaya mbili au tatu, ndani ya mshipa mpaka moyoni. Moyo ukichelewa kupiga, kifaa huupa umeme mdogo nao hupiga. Iko namna nyingine ya kifaa, kikubwa kidogo, ambacho kazi yake ni kuushtua moyo unapoanza kutetemeka ovyo na kukaribia kusimama. Kifaa hicho cha pili kiliwekwa ndani ya mwili wa mtu mara ya kwanza mwaka 1980 huko Baltimore, Marekani, kwa juhudi ya Daktari Michel Mirowski.

Ile betri ya kwanza kabisa ya kuzikwa mwilini iliwekwa tarehe 8 Oktoba 1958 karibu na Stockholm, nchini Sweden. Mgonjwa alikuwa Bwana Arne Larsson, mtu wa miaka 43. Fundi aliyeiunda alikuwa Rune Elmqvist, na daktari aliyepasua alikuwa Åke Senning. Betri hiyo ilifanya kazi kwa saa chache tu, ikafa. Lakini hawakukata tamaa. Bwana Larsson alibadilishiwa betri zaidi ya 20 katika maisha yake, akaishi mpaka mwaka 2001, akafariki akiwa na miaka 86, tena kwa saratani, si kwa moyo. Fundi wake na daktari wake wote wawili walitangulia kaburini kabla yake. Yafaa tuikumbuke habari hiyo, kwa sababu yatufundisha jambo moja kubwa: betri ya moyo si kitu cha kuwekwa mara moja kisha kikasahauliwa. Hubadilishwa, huchunguzwa, na mara nyingine hutolewa. Anayewekewa betri ameanza safari ndefu pamoja na hospitali.

Kwetu hapa safari hiyo haianzii mbali. Upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ambayo huwawekea wananchi betri hizo palepale Upanga, mwendo mfupi kutoka Kariakoo. Zamani mgonjwa wa namna hii alihitaji kusafirishwa ng'ambo au kuachiwa Mungu. Hata hivyo tusijidanganye kwamba shida imekwisha. Hesabu zilizokusanywa na wataalamu wa moyo wa Afrika kwa miaka ya 2011 hadi 2016 zilionyesha kwamba idadi ya betri zinazowekwa barani mwetu, ukilinganisha na wingi wa watu, ilikuwa chini ya ile ya Ulaya kwa karibu mara 200. Maana yake ni kwamba kila betri moja iliyomo kifuani mwa Mwafrika ni mali adimu, na mwenye nayo hafai kupotezwa kwa uzembe.

HOFU YA SUMAKU

Tuseme mzee mwenye betri ya moyo amepooza ghafla upande mmoja, au mgongo wamwuma hata hawezi kusimama. Daktari ataka kuona ubongo au uti wa mgongo kwa mashine ya MRI. Mashine hiyo haitumii miale kama ile ya eksirei. Hutumia sumaku kubwa pamoja na mawimbi ya redio. Nguvu ya sumaku iliyo ya kawaida hospitalini huitwa tesla 1.5, nayo yashinda nguvu ya sumaku ya dunia, ile ivutayo sindano ya dira, kwa kiasi cha mara 30,000.

Hapana shaka kwamba hofu ilikuwa na sababu. Sumaku yaweza kuvuta chuma. Mawimbi ya redio yaweza kuupasha moto waya kwenye ncha yake iliyogusa nyama ya moyo. Kifaa chaweza kudanganyika, kikadhani kelele za mashine ni mapigo ya moyo, kikaacha kazi. Au kikasahau maagizo yote aliyokipa daktari. Zamani wako watu waliopitishwa katika mashine hizo bila mtu yeyote kuangalia mapigo yao, na wako waliokufa. Kwa hiyo ikawa sheria katika hospitali nyingi za dunia: mwenye betri ya moyo asikaribie chumba cha sumaku.

Lakini sheria hiyo nayo ilikuwa na madhara yake, ijapokuwa hayakuandikwa katika hesabu za vifo. Mtu aliyekataliwa picha hakujulikana kama ana uvimbe wa ubongo au hana. Aliyekataliwa alirudi nyumbani na maumivu yake. Basi watengenezaji wakaunda betri na nyaya za namna mpya zinazoweza kustahimili sumaku kwa masharti maalumu. Huko Marekani kifaa cha kwanza cha namna hiyo kiliruhusiwa mwaka 2011. Wataalamu nao wakauliza swali la pili: je, wale wenye betri za zamani, zisizoundwa kwa ajili ya sumaku, nao wahukumiwe daima?

Jibu lilikuja mwaka 2017, mara mbili. Katika uchunguzi wa kwanza, ulioitwa MagnaSafe, zilihesabiwa picha 1,000 za watu wenye betri za kawaida na picha 500 za wenye vifaa vya kushtua moyo, wote wakiwa na vifaa vya zamani, na picha zote zikiwa za sehemu nyingine za mwili wala si kifua. Hakufa hata mmoja, na hakuna waya ulioharibika. Kifaa kimoja tu kilihitaji kubadilishwa mara moja, nacho kilikuwa hakikutayarishwa kama ilivyoagizwa kabla ya mgonjwa kuingia ndani. Katika uchunguzi wa pili walikuwamo watu 1,509 na picha 2,103. Katika picha 9 tu kifaa kilirudi katika maagizo yake ya dharura, na katika 8 kati ya hizo hali hiyo ilipita. Kifaa kimoja kilihitaji kubadilishwa, nacho betri yake ilikuwa karibu kwisha tangu awali.

Msomaji asome vizuri maneno hayo, asije akachukua nusu akaacha nusu. Usalama huo haukuletwa na bahati. Uliletwa na utaratibu. Kabla ya picha, kifaa kilichunguzwa kwa mtambo wake na kupewa maagizo mapya yanayofaa. Wakati wa picha alikuwapo mtu mwenye ujuzi akitazama mapigo ya moyo na hewa katika damu, na karibu naye mashine ya kushtua moyo ikiwa tayari. Baada ya picha, kifaa kilirudishiwa maagizo yake ya kwanza na kupimwa tena. Ukiondoa hatua moja katika hizo, huna haki ya kutaja matokeo yale. Tena wako wagonjwa ambao hatari yao ni ya kufikiriwa zaidi: wale wenye nyaya zilizokatika au zilizoachwa mwilini bila betri, wale ambao nyaya zao zimeshonwa juu ya moyo kwa nje, na wale waliowekewa kifaa majuzi tu. Hao daktari bingwa hana budi kupima faida na hasara kwa kila mmoja peke yake.

Yafaa pia kuondoa hofu zisizo na msingi. Picha ya kawaida ya eksirei haina neno. Kipimo cha mawimbi ya sauti, kile wanachopimwa kina mama wajawazito, hakina neno. Picha za CT kwa kawaida hazina neno, ila fundi aambiwe mapema. Lakini mgonjwa wa saratani anayekwenda kuchomwa miale pale Ocean Road, na yeyote anayepasuliwa kwa kisu cha umeme, hana budi kueleza kwamba ana betri, maana miale mikali na umeme huo vyaweza kukivuruga kifaa. Kusema ni bure. Kunyamaza kwaweza kuwa ghali.

KUTOA WAYA SI KUNG'OA MSUMARI

Sasa tuje kwenye jambo la pili. Watu wengi hudhani kwamba kubadilisha betri na kutoa nyaya ni kazi moja. Si kazi moja. Betri huisha baada ya miaka, aghalabu 7 hadi 12, kadiri inavyotumika. Hapo daktari hupasua ngozi kidogo, huitoa ile ya zamani, huunganisha mpya katika nyaya zilezile, hushona. Ni kazi ya muda mfupi.

Waya ni habari nyingine. Ukikaa ndani ya mshipa kwa miaka, mwili huuzungushia kovu, ukashikamana na ukuta wa mshipa na nyama ya moyo kama mzizi wa mkwaju uliopenya ukutani. Waya usiotimiza mwaka mmoja mara nyingi huvutika kwa mkono wa daktari. Waya wa miaka kumi ukivutwa kwa nguvu waweza kuupasua mshipa mkubwa ulio juu ya moyo, na mgonjwa akaishiwa damu kwa dakika chache. Kwa sababu hiyo mabingwa hutumia vyombo maalumu: kijiti cha kushikilia waya kwa ndani mpaka ncha yake, na bomba linalopita juu ya waya likikata kovu kwa leza au kwa meno yazungukayo. Na pembeni hukaa tayari wapasuaji wa moyo, wawe na uwezo wa kufungua kifua wakati wowote.

Je, matokeo yake ni yapi? Ulaya ilifanywa hesabu kubwa katika hospitali 73 za nchi 19, ikatangazwa mwaka 2017, ya wagonjwa zaidi ya 3,500. Katika kila wagonjwa 100, karibu 97 walifanikiwa. Madhara makubwa yaliyotokana na kazi yenyewe yalikuwa kwa watu kama 17 katika kila 1,000, na vifo watu 5 katika kila 1,000. Hesabu ileile ilionyesha jambo ambalo wapanga mipango wafaa kulitia akilini: hospitali zilizofanya kazi hiyo mara chache kwa mwaka zilikuwa na matokeo mabaya kuliko zile zilizoizoea. Mkono uliozoea huokoa. Kwa hiyo si kila hospitali inayojua kuweka betri yafaa kujaribu kutoa waya, na nchi yenye wagonjwa wachache hufanya vema kuikusanya kazi hiyo mahali pamoja, kuliko kuitawanya kwa ajili ya sifa.

USAHA HAUSUBIRI

Sababu kubwa ya kutoa betri na nyaya zake ni usaha. Huanza kwa kitu kidogo: ngozi iliyo juu ya betri huwa nyekundu, huuma, huwa na joto, au hutoa majimaji. Mara nyingine betri huanza kuchungulia nje ya ngozi. Mara nyingine hakuna kinachoonekana, ila homa ijayo na kuondoka. Na hapa ndipo mji wetu ulipo na desturi mbaya. Mtu akiona hivyo huingia duka la dawa lililo karibu, hununua vidonge vya kuua vijidudu, humeza kwa siku tano, hupata nafuu, husema amepona.

Hajapona. Vijidudu vikishikamana na chuma na plastiki hujijengea utando ambao dawa haipenyi vizuri. Dawa huvinyamazisha kwa muda, kisha hurudi vikiwa vimefuata waya mpaka ndani ya moyo. Miongozo ya wataalamu wa moyo duniani yakubaliana juu ya jambo hili: kifaa kikiwa kimeingia usaha kwa hakika, hutolewa chote, betri na nyaya pamoja, na dawa hutolewa juu ya hapo. Kuosha kidonda na kurudisha betri ileile ni kuchelewesha msiba.

Wala si sisi peke yetu wenye kosa la kuchelewa. Huko Marekani, katika nchi yenye mabingwa na vyombo tele, walichunguzwa wagonjwa zaidi ya 11,000 wa bima ya serikali ambao vifaa vyao viliingia vijidudu. Hata mmoja kati ya watano hakufikia kutolewa kifaa katika siku 30 za kwanza. Na wale waliotolewa mapema, ndani ya siku sita, ndio walioishi zaidi kuliko wale walioachwa. Ikiwa hivyo ndivyo kwa tajiri, maskini asidhani anaweza kungoja.

Kinga nayo ipo, tena ni ya bei nafuu kuliko tiba: dawa ya sindano kabla ya kupasua, usafi wa chumba, na kutopasua pasipo lazima. Iko pia mifuko midogo yenye dawa inayovikwa betri. Mwaka 2019 uchunguzi wa watu karibu 7,000 ulionyesha kwamba katika mwaka wa kwanza mifuko hiyo ilipunguza usaha mkubwa kutoka watu 12 mpaka watu 7 katika kila 1,000.

MFANYAKAZI NA BETRI YAKE

Wenzetu wafanyakazi watauliza: je, mtu mwenye betri ya moyo aweza kurudi kazini? Kwa kazi nyingi, naam. Aweza kuuza vitambaa, kuendesha cherehani, kufundisha, kulima, kukaa ofisini. Aweza kutumia simu, ila asiiweke katika mfuko wa shati juu ya betri. Yafaa iwe mbali nayo kiasi cha sentimita 15, na aisikilize kwa sikio la upande mwingine. Si maneno ya woga hayo. Mwaka 2021 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba sumaku iliyomo ndani ya iPhone 12 ikiwekwa juu ya kifua yaweza kukizima kwa muda kifaa cha kushtua moyo. Hali kadhalika wale wabebao spika kubwa za redio katika maduka ya Kariakoo wasizikumbatie kifuani, maana ndani yake mna sumaku nzito.

Kazi ya kuchomelea vyuma yahitaji kufikiriwa sana. Mashine ya kuchomelea hutoa umeme mkubwa wenye kelele, na kifaa chaweza kudanganyika. Fundi wa Gerezani aliyewekewa betri asirudi kushika kitu cha kuchomelea kabla ya kumweleza daktari wake kazi yake ni ipi na mashine yake ina nguvu gani. Ikiwa daktari amemkataza, basi mwajiri na wenzake wampatie kazi nyingine karakanani: kupima, kukata, kupaka rangi, kuandika hesabu. Kumfukuza mtu kwa sababu moyo wake umetengenezwa ni kumwadhibu kwa kupona. Vyama vya wafanyakazi vyafaa kulisimamia jambo hili kama vinavyosimamia ajali za mkono na jicho.

WAKATI WA MSIBA

Yako pia maneno ambayo watu huona haya kuyasema, lakini gazeti halina budi kuyasema. Mwenye betri akifariki, hiyo betri yafanywe nini? Ikiwa ni ile ya kawaida na maiti yazikwa, haina dhara lolote. Yaweza kuzikwa naye. Betri ya kawaida haimfanyi maiti aishi wala haizuii roho kutoka, kama wengine wanavyonong'ona. Moyo uliokufa hausikii umeme wake.

Lakini kifaa cha kushtua moyo hakina budi kuzimwa, maana chaweza kutoa umeme wakati maiti anaoshwa, na waoshaji wakashtuka. Jamaa waseme hospitalini mapema, kabla ya kumchukua marehemu nyumbani. Na kwa ndugu zetu ambao dini yao huwaamuru kuchoma maiti, betri ya namna yoyote lazima itolewe kwanza, kwa sababu hupasuka katika moto. Uchunguzi uliotangazwa Uingereza mwaka 2002 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watumishi wa mahali pa kuchomea maiti huko walikuwa wamekwisha kuona mpasuko wa namna hiyo.

MITUMBA YA MOYO?

Hapo ndipo linapozuka swali gumu kuliko yote. Betri iliyotolewa kwa marehemu mara nyingine ingali na miaka mingi ya kufanya kazi. Je, yatupwe, hali mtu mwingine afa kwa kukosa fedha ya kununua mpya?

Huko Montreal, Kanada, tangu miaka ya 1980 hospitali moja ya moyo imekuwa ikikusanya vifaa hivyo kwa ridhaa, ikivisafisha na kuvipeleka kwa wasiojiweza. Mwaka 2020 ilitangazwa hesabu ya watu 1,051 wa Meksiko, Guatemala, Honduras na Jamhuri ya Dominika waliowekewa vifaa vilivyosafishwa, wakalinganishwa na watu 3,153 wa Kanada waliowekewa vipya. Katika miaka miwili, watu 20 katika kila 1,000 wa kundi la kwanza waliingia usaha, na 12 katika kila 1,000 wa kundi la pili; tofauti ambayo wenye elimu ya hesabu walisema haitoshi kuthibitisha kwamba vifaa vile ndivyo vyenye kosa. Hakuna aliyekufa kwa usaha huo. Kisha mwaka 2024 chuo kikuu cha Michigan kilitangaza matokeo ya jaribio lililofanywa katika nchi kadhaa, miongoni mwao majirani zetu Kenya na Msumbiji, la watu karibu 300. Nalo halikuona kwamba betri zilizosafishwa ni duni kwa usalama katika miezi mitatu ya kwanza.

Kwa upande mwingine, watengenezaji huviandika vifaa hivyo kuwa vya kutumiwa mara moja tu, na nchi zenyewe zitoazo mitumba hiyo haziruhusu raia wake kuwekewa. Hapo heshima ya Mwafrika yahojiwa. Sisi wa Kariakoo twaijua mitumba. Twaivaa, na wengi wetu tumesoma kwa fedha yake. Lakini shati likichanika hushonwa. Betri ikisimama, hakuna wa kuishona.

Maoni yetu ni haya. Tusikatae kwa kiburi, maana kiburi hakipigishi moyo wa mtu. Wala tusipokee kwa kuona haya kuuliza. Ikiwa nchi itaamua kupokea, basi ipokee kwa masharti yake yenyewe: nyaya ziwe mpya, kila kifaa kipimwe na kiandikwe nambari yake, mgonjwa aelezwe kwa lugha aijuayo na aridhie, na matokeo yake yafuatwe kwa miaka. Na hata ikipokea, isiache kutafuta siku ambayo mwananchi atawekewa betri mpya kwa bima yake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Thamani yake itapimwa kwa wagonjwa wa namna hii, si kwa wenye mafua.

YATUPASAYO

Mambo ya kufanya ni machache, nayo hayahitaji mikutano mingi. Mwenye betri achukue kadi yake kila aendako, yenye jina la kifaa, aina ya nyaya na tarehe ya kuwekwa. Tena jamaa mmoja nyumbani awe na nakala yake, kwa kuwa aliyeanguka hawezi kujieleza. Aende kuchunguzwa kila anapoitwa, hata kama ajiona mzima. Akiona wekundu, maumivu au majimaji juu ya betri, aende hospitali ya moyo siku ileile, wala asipitie duka la dawa wala kwa mtu wa kuchanja.

Hospitali nazo zisiseme "hapana" kwa desturi tu. Mgonjwa mwenye betri akihitaji picha ya sumaku, kwanza waulize kifaa chake ni cha namna gani, kisha wamtafute mwenye ujuzi wa kukitayarisha. Hatua hizo zikikosekana, basi wampeleke mahali zilipo, wasimrudishe nyumbani. Na serikali iweke daftari moja la taifa lenye kila betri na kila waya uliowekwa nchini, ili siku mtengenezaji akitangaza kwamba waya fulani una kasoro, kama yalivyotangazwa matangazo ya namna hiyo duniani mwaka 2007 na 2011, tujue mara moja nani wa kumwita, yu Kariakoo au yu Kigoma.

Mtu aliyewekewa betri ya moyo amerudishiwa siku ambazo zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa. Siku hizo ni zake, ni za watoto wake, na ni za kazi yake. Zisipotee kwa sababu karani hakuuliza, au fundi aliogopa, au yeye mwenyewe alificha.